Saa ya mkononi kwa safari ndefu ya baiskeli: ushauri wa fundi saa

Mimi ni fundi saa hapa Morogoro. Nikipata nafasi ya kufunga meza kwa siku kadhaa, napakia keria na kushika njia ya Dodoma, Iringa au pwani kwa baiskeli. Kwa hiyo mtu akitaka saa ya safari huelekezwa kwangu, na karibu wote hufika na maswali yaleyale. Ina GPS? Inapima mapigo ya moyo? Inaonyesha mwinuko? Mimi nina maswali yangu matatu, na huyatanguliza mbele ya hayo yote. Utaweza kuisoma kwa kutupia jicho tu, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani? Itakuamsha saa kumi alfajiri? Na baada ya wiki mbili za jasho, vumbi na mitikisiko, itakuwa bado iko mkononi?

Wengine huuliza saa ya nini wakati simu wanayo. Simu ya msafiri wa baiskeli inatakiwa ikae ndani ya begi, imezimwa, kwa sababu jioni utaihitaji kuulizia gesti, kutuma pesa na kuwajulisha nyumbani kwamba umefika. Kuitoa kila mara ili uangalie saa ni kumaliza chaji na kuachia usukani, na nyuma yako linakuja lori ambalo dereva wake hana mpango wa kupunguza mwendo. Saa ya mkononi haidai zaidi ya kugeuza macho.

Anza na jua

Kazi kubwa ya saa safarini ni kukuonyesha umebakiwa na mwanga kiasi gani. Barabara zetu kuu nje ya miji hazina taa, bega la barabara mara nyingi ni jembamba au limemeguka, na usiku huku kwetu huingia haraka. Jua likishazama una dakika ishirini hivi za kuona mbele vizuri, basi. Mwendesha baiskeli aliyekutwa na giza kati ya Gairo na Kibaigwa yuko hatarini hata kama ana taa nzuri.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo hivi, kutegemea mwezi. Kigoma iko mbali magharibi lakini inatumia saa ileile, kwa hiyo kule jua huzama karibu dakika 40 baadaye. Anayetoka pwani kwenda magharibi anaongezewa jioni kidogo kila siku na wala hatambui. Anayetoka Kigoma kuja pwani anapunguziwa, na huyo ndiye wa kuhurumia: ameshazoea kwamba saa kumi na mbili na nusu bado kweupe, halafu anafika mikoa ya mashariki giza linamkuta na kilomita zake kumi mkononi.

Mipakani mambo yanabadilika zaidi. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji na upande wa mashariki wa Kongo wako saa moja nyuma yetu. Ukivuka daraja la Rusumo, jua lililokuwa likizama karibu saa moja jioni upande wa Ngara litazama karibu saa kumi na mbili upande wa Rwanda. Kenya na Uganda hakuna tatizo, tuko sawa. Kwa wanaopita Tunduma au Kasumulu, jambo hili lina uzito pia usiku. Simu iliyolala karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa moja yenyewe, na kengele uliyoitega ya alfajiri ikalia wakati wenzako wameshakunywa chai. Saa ya mkononi inabaki ulivyoiweka. Kama safari yako inavuka mipaka hiyo, chukua saa inayoweza kuonyesha saa za sehemu mbili. Na kama ni ya mishale, pete ya juu inayozunguka, yenye namba 1 hadi 12, inafanya kazi hiyohiyo bila betri ya ziada: unaizungusha hatua moja tu.

Saa pia ndiyo itakayokupa mwendo wako kama huna kipima mwendo kwenye baiskeli. Barabara kuu nyingi zina vibao au mawe ya kilomita. Washa stopwochi ukipita kibao kimoja, izime ukipita kinachofuata, kisha gawanya 60 kwa dakika ulizotumia. Dakika nne ni kilomita 15 kwa saa. Dakika tatu ni 20. Dakika tano ni 12, na ukiona tano kwenye barabara tambarare, ujue upepo unakupinga au umechoka kuliko unavyojidanganya. Mimi hufanya hesabu hii kila siku saa tisa alasiri. Naangalia kilomita zilizobaki mpaka mahali pa kulala, nazigawanya kwa mwendo huo, halafu naongeza nusu saa ya pancha. Jibu likivuka saa kumi na moja na nusu, nalala kijiji kilicho karibu, sibishani na nafsi yangu. Kwenye njia ya Iringa hesabu hiyo ni ya lazima, kwa sababu barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na pale hakuna mtu anayepaswa kuwa juu ya baiskeli jioni. Waulize askari wa hifadhi kabla ya kuingia, na wakikwambia pakia baiskeli kwenye gari, pakia.

Namba au mishale?

Mishale inasomeka haraka kwa jicho la pembeni. Huhitaji kusoma tarakimu, unaona pembe tu. Namba zina kengele, stopwochi na kipima muda, na hazina sehemu ndogo za kutetemeka. Kwa safari ya baiskeli napendekeza namba, kwa sababu ya kengele. Msafiri anayeondoka saa kumi na moja alfajiri anapata saa nne au tano za baridi kabla jua halijapanda, na ukanda wa Dodoma na Singida upepo wa mchana si wa kuchezea. Siku nzima inategemea kuamka.

Ukinunua ya namba, kuna mambo mawili ya kupima ukiwa bado dukani. La kwanza, epuka kioo cheusi chenye namba nyeupe. Kinapendeza kwenye picha, ila juani hakisomeki, na ukiwa unaruka kwenye barabara ya changarawe utakodoa macho bure. La pili, vaa miwani yako ya jua ukiwa unaitazama. Miwani ya kukata mng'ao hufanya baadhi ya vioo vya namba viwe vyeusi kabisa kwa pembe fulani. Zungusha mkono kama umeshika usukani, uone kama namba zinapotea. Watu wengi hulaumu saa kumbe ni miwani.

Weka saa kwenye mfumo wa masaa 24. Kwenye mfumo wa 12, alama ya P inayotofautisha asubuhi na jioni ni ndogo mno, na mtu aliyechoka hutega kengele ya 5:00 jioni akidhani ni alfajiri. Ukiona 05:00 hakuna ubishi, ni saa kumi na moja alfajiri. Wenye kufunga wanaosafiri Ramadhani wanajua uchungu wa kukosa daku kwa sababu ya herufi moja.

Saa za otomatiki, zile za mishale zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono, nazipenda kuliko saa zote. Ndizo zilizonifundisha kazi, na Seiko 5 ya mzee ikija mezani naifungua kwa heshima. Lakini fahamu zilivyo. Saa hiyo inaweza kuzidi au kupungua nusu dakika kwa siku na bado ikahesabiwa nzima. Barabara yenye mawimbi ya changarawe inaitikisa mfululizo kwa saa nyingi, na ndani yake kuna ekseli yenye ncha nyembamba kama unywele. Ina vizuia mshtuko, ndiyo, ila mafuta yakiwa yamekauka, mitikisiko hiyo inaisaga. Halafu kuna sumaku. Vishikio vya simu vya sumaku vinavyofungwa kwenye usukani vinaweza kuitia sumaku nywele ya saa, yaani ile springi nyembamba inayoongoza mwendo wake, nayo saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Kama ni lazima uivae, ilete ifanyiwe sevisi kabla ya safari, na uiweke mbali na kishikio hicho.

Ukubwa na mkono utakaovaa

Binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA alikuja na saa pana ya chuma, zawadi ya kaka yake.

"Shikamoo fundi. Naomba unipunguzie cheni, nataka kwenda nayo Tanga kwa baiskeli."

"Marahaba binti. Kabla sijapunguza, hebu shika usukani wa baiskeli yangu pale ukutani. Egemea kabisa, kama unapanda mlima."

Akashika, akaegemea. Baada ya muda mfupi nikamwambia atazame nyuma ya kiganja. Kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa kilikuwa kimeacha alama nyekundu ya mviringo, yenye meno yake yote. Hiyo ni dakika moja. Fikiria mteremko wa Kitonga ukiwa umekaza breki, kiwiko kimenyooka, kifundo cha mkono kimekunjwa nyuma, na chuma kinakusukuma njia nzima.

Fanya jaribio hilo dukani hata kama hakuna baiskeli. Weka viganja viwili ukingoni mwa meza, egemeza uzito wote, kunja mikono. Saa isiguse nyuma ya kiganja. Saa nyembamba na nyepesi hushinda hapa siku zote. Zenye kifundo kikubwa zivae mkono wa kulia, ili kifundo kielekee kwenye kiwiko badala ya kiganja. Wengine huvaa upande wa ndani wa mkono, na kweli inasomeka vizuri zaidi ukiwa umeshika usukani, ila ukianguka kioo ndicho kinachotangulia kugusa lami.

Unaweza pia kuifunga kwenye usukani wenyewe. Zungushia kwanza kipande cha tyubu kuukuu mpaka unene utoshee mkanda, ndipo ufunge. Inafaa kwa saa ya namba ya bei nafuu. Usiiache hapo ukiegesha baiskeli, kwanza kwa sababu itaondoka na mtu, pili kwa sababu kioo cha namba kikichemka sana juani huwa cheusi mpaka kipoe.

Mkanda, na pini zake

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Saa nyingi zinazopotea safarini hazifi. Zinaanguka. Na kinachoziangusha ni kijiti kidogo tu cha chuma: pini inayoshika mkanda kwenye masikio ya saa.

Pini ni bomba jembamba lenye springi ndani na ncha mbili zinazoingia na kutoka. Jasho lina chumvi. Chumvi inaingia kwenye bomba, springi inaota kutu, ncha moja inaganda ikiwa imeingia ndani. Kwa nje huoni chochote. Siku unavua koti la mvua, mkono wa koti unavuta mkanda, ncha inachomoka, saa iko mtaroni na wewe hujui mpaka kilomita nane mbele.

Itoe pini uichunguze. Pitisha ncha ya kisu chembamba kati ya mkanda na sikio la saa, isukume ndani, mkanda utaachia. Shika pini kati ya kucha mbili, bonyeza ncha zote kwa pamoja, achia. Zinatakiwa zitoke kwa nguvu, zote mbili, sawasawa. Moja ikisita, tupa pini hiyo. Ukiona vumbi jekundu la kutu kwenye ukingo wa bomba, tupa. Pini mpya ni kitu cha bei ndogo kuliko soda, na mimi huwabadilishia wasafiri hata kama za zamani bado zinaonekana nzima.

Mkanda ninaousifu kwa safari ni ule wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa na kushikwa na pini zote mbili. Jeshi la Uingereza liliuweka kwenye viwango vyake mwaka 1973, na sababu yake ni ileile ninayokueleza: pini moja ikikatika, saa inabaki ikining'inia kwenye ya pili. Unafulika kwa sabuni ya kipande jioni na asubuhi umekauka. Pima nafasi kati ya masikio kabla ya kununua; nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Angalizo moja: saa kadhaa za namba, Casio F-91W ikiwemo, mkanda wake umechongwa kwa umbo lake, na wa nailoni utahitaji wa milimita 18 na kuusukuma kwa subira.

Mkanda wa ngozi uache nyumbani. Unanyonya jasho, unanuka, unaoza kwenye mishono. Cheni ya chuma hung'oa vinyweleo na viungo vyake hujaa vumbi. Mkanda wa plastiki ni mzuri mradi haujaanza kupasuka kwenye matundu; ukunje mbele ya mwanga uone kama kuna nyufa nyeupe. Na hapa kuna adui ambaye watu hawamjui: dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET. Inayeyusha plastiki. Nimeletewa saa ambazo kioo kimekuwa na ukungu usiofutika na mkanda unanata, na mwenyewe anaapa hakufanya kitu. Paka dawa, nawa viganja, subiri ngozi ikauke, ndipo uvae saa.

Usikaze mkanda. Kidole kimoja kipite chini yake. Mkono huvimba kwa joto na kwa kazi, na mkanda uliobana asubuhi unaleta vipele kufikia siku ya tatu. Kila jioni vua, osha mkono na mkanda, na kesho yake badilisha mkono kama ngozi imeanza kuwasha.

Maji na jasho

Namba iliyoandikwa nyuma haimaanishi kina unachoweza kupiga mbizi. Ni mgandamizo uliopimwa maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Mita 30 ni kunawa mikono na manyunyu. Mita 50 unaweza kuogelea polepole. Kwa mvua za masika za siku nzima, kuoga na saa, na kuvuka mto uliofurika huku umeshika baiskeli begani, anzia mita 100. Na usibonyeze vitufe saa ikiwa ndani ya maji.

Kinachozuia maji ni ringi nyembamba ya mpira chini ya mfuniko. Ikishafunguliwa mara moja kubadilisha betri, hatima ya saa iko kwa aliyeifunga. Ringi inatakiwa ifutwe, ipakwe mafuta ya silikoni, ilazwe kwenye mfereji wake bila kukunjika. Ikibanwa hata sehemu ndogo, maji yatapita pale pale. Kwa hiyo simama hapo hapo unapobadilishiwa betri, utazame. Akikurudishia bila kugusa ringi, mwombe kwa upole aipake mafuta.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Pasha saa joto la mkono kwa kuishika kiganjani au kuiweka juani dakika chache, kisha dondosha tone la maji baridi sana katikati ya kioo. Subiri kidogo, futa. Ukiona ukungu umebaki kwa ndani pale tone lilipokuwa, ndani mna unyevu. Ipeleke kwa fundi kabla hujaondoka, kwa sababu ukungu huohuo utakuja kutanda kioo kizima asubuhi ya kwanza ya baridi ya Njombe.

Usilipie usichoweza kukitumia

Kuna saa zinazojirekebisha kwa mawimbi ya redio, na zinauzwa ghali kwa sifa hiyo. Vituo vinavyorusha mawimbi hayo viko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Afrika Mashariki hayatufikii. Sifa hiyo hapa ni maandishi tu kwenye kioo. Kama saa yenyewe ni nzuri na bei imeshuka, chukua, ila usiilipie redio. Nishati ya jua ni jambo jingine: hiyo inafaa kabisa, nchi zetu hazina uhaba wa jua. Hakikisha tu mkono wa shati hauifuniki kutwa nzima.

Saa zenye kupima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa zinapendeza, na kupanda kutoka usawa wa bahari mpaka Iringa, zaidi ya mita 1,500, huku namba zinapanda kunatia moyo. Lakini huku tropiki mgandamizo wa hewa una kawaida ya kupanda mpaka karibu saa nne asubuhi na kushuka mpaka karibu saa kumi jioni, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Saa iliyokaa mezani tu inaweza kukwambia umepanda mita 20 au 30. Irekebishe kwenye sehemu unayojua mwinuko wake. Na kengele yake ya kuonya dhoruba imetengenezewa nchi ambazo mvua hutanguliwa na mgandamizo kuanguka. Mvua zetu za mchana hujijenga zenyewe palepale kwa joto. Tazama mawingu.

Kipimajoto cha mkononi kinapima joto la mkono wako. Nao ule ujanja wa kutafuta kaskazini kwa kuelekeza mshale wa saa kwenye jua ni wa watu wa nchi za mbali na ikweta. Kwetu mchana jua linapita karibu na utosi. Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Beba dira, au muulize mwenye kibanda cha chai.

Saa za GPS sizikatai. Zinarekodi njia, na anayependa kumbukumbu atafurahi. Ila kila moja ina waya wake wa kuchajia, na waya huo ukipotea Manyoni hupati mwingine Manyoni. Ukiwa nayo, beba ya betri ya kawaida kama akiba.

Ninazozitaja watu wakiniomba majina

Casio F-91W imekuwepo tangu 1989, ina gramu 21, na betri yake hudumu miaka saba hivi. Nyembamba, haigusi kiganja, hakuna anayeitamani. Udhaifu wake ni taa hafifu inayomulika kona tu, kengele moja, na kwamba haina kipima muda cha kukukumbusha kunywa maji. Kwa mvua kubwa ivue uiweke kwenye mfuko. Za bandia zimejaa sokoni. Bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde tatu, ya kweli itaandika CASIo kwenye kioo. Za bandia nyingine zimeiga hata hilo, kwa hiyo tazama pia kama maandishi ya mfuniko yamechongwa safi.

Kwa nyongeza kidogo ya pesa, W-800H ni bora kwa mwendesha baiskeli: mita 100, betri ya miaka kumi, saa za sehemu mbili. Hiyo ndiyo ninayompa mtu asiyetaka maelezo marefu. AE-1200WH nayo ni mita 100 na miaka kumi, ina kengele tano, kipima muda na saa za dunia. Kwa saa yetu chagua JED, yaani Jeddah, wako sawa na sisi. Tarakimu zake ni ndogo kuliko za W-800H, basi wenye macho ya umri wangu waijaribu kwanza.

G-Shock ya umbo la mraba, ukoo wa 5600, ndiyo ninayoivaa. Injinia Kikuo Ibe wa Casio alianza kuisaka mwaka 1981 baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka na kuvunjika. Alitaka itakayoanguka mita kumi isivunjike, ihimili maji ya mgandamizo wa bar kumi, na betri idumu miaka kumi. Ya kwanza ikauzwa 1983. Ukiifungua unaona mashine haikubanwa na ganda moja kwa moja, imeegeshwa kwenye sehemu chache laini, na mtikiso unaishia nje. Kwa barabara za changarawe sijaona mpinzani wake. DW-5600E ina kipima muda kinachojirudia chenyewe: mimi hukiweka dakika ishirini, kikilia nakunywa maji, kiu iwe imekuja au haijaja.

Kabla ya kuondoka

Badilisha betri kama hukumbuki ilibadilishwa lini, na fanya hivyo wiki mbili kabla ili kasoro ijionyeshe ukiwa bado nyumbani. Vaa saa kwenye mazoezi yote, hasa ya kupanda milima. Jifunze kutega kengele gizani, bila kutazama vitufe. Kwenye gesti yenye redio ya jirani na feni inayopiga kelele, mlio mdogo wa saa chini ya blanketi hausikiki. Iweke ndani ya kikombe cha bati kitupu karibu na kichwa, mlio utasikika zaidi.

Beba pini mbili za akiba za kipimo cha saa yako. Zifunge kwa utepe wa plasta uzibandike chini ya tandiko, mahali ambapo hata begi likiibiwa utazikuta. Kuzifunga huhitaji fundi: ncha moja kwenye tundu, ncha ya pili isukume kwa kisu mpaka usikie imeingia, halafu vuta mkanda kwa nguvu, pande zote mbili, kabla ya kupanda tena baiskeli.